Gari Nililoliinua kwa Ajili ya Krismasi

Kirua Vunjo,
Alhamisi mchana

Mwanangu Apolonia,

Salamu sikuandikii. Uko hapo uani unakunja nguo, nakusikia unavyogombana na shangazi yako Epifania juu ya sanduku lisilofunga. Mtu aliye umbali wa kutupa ganda la ndizi haandikiwi kwamba sisi huku hatujambo. Unaniona mwenyewe nilivyo. Magoti yanauma, basi.

Utajiuliza barua ya nini na nyumba ni moja. Ni kwa sababu mdomo wangu nimeuzoeza kugomba, na kila nikiufungua nikuambie jambo hili, kinatoka kingine. Juzi nilikuita jikoni, ukaja, ukakaa kwenye kigoda, ukaniangalia, nikaishia kukuambia nywele zako zimekaa kama kiota cha kuku. Sikukuitia nywele. Nilikuitia baba yako.

Usiikunje barua. Najua jina hilo hulitaki. Soma kwanza, halafu ukunje.

Shangazi yako nimemwambia akupe karatasi hizi kesho asubuhi ukishawasha gari, usizisome hapa. Usome Same, ukisimama kunywa chai. Herufi zangu zinakwenda huku na huku, utanisamehe. Nimejifunza kuandika nikiwa mzee, darasa la watu wazima, na mwalimu alikuwa kijana wa kuniita bibi ambaye alinisahihisha kwa kalamu nyekundu kama mtoto wa chekechea. Nilimvumilia. Nilikuwa na sababu, nayo nitaisema.

Mambo ya kuchemsha maji, na chandarua, na wanaume wa huko Handeni, hayo yote amekwisha kukuambia shangazi yako, tena mara tatu. Mimi siyarudii. Serikali imekupa kazi ya kutibu ng'ombe, udereva ulijifunza ulipokwenda jeshini kujenga taifa, una miaka ishirini na miwili na unajua kuweka sindano kwenye shingo ya dume linalorusha mateke. Hakuna ninachoweza kukufundisha juu ya kuishi. Nina jambo moja tu, nalo linahusu landrova utakayoondoka nayo.

Wiki tatu hizi umekuwa ukinicheka. "Bibi, gari linakwenda, mbona unamsumbua fundi wa watu na usukani?" Na ulipomkuta Fundi Ramadhani amelala chini ya gari, matope mpaka masikioni, ukamwambia, "Fundi, bibi yangu anakuonea, si useme umemaliza tu uende zako." Akatoa kichwa, akaniangalia mimi, akarudi chini kwenye vyuma vyake. Yule mtu amenitunzia maneno yangu miaka kumi na minne. Mimi nilikuwa nasimama pale na bakuli la mtori wa ndizi nimemletea, sibanduki, wewe ukadhani ni uzee.

Nianze mwanzo, ama sivyo nitazunguka mpaka karatasi ziishe.

Gari hilo aliachiwa babu yako na mzungu wa shamba la kahawa kule chini, alipokuwa akiondoka, miaka michache baada ya Uhuru. Babu yako alikuwa dereva wake. Akaliendesha mwaka mmoja tu, akafa kwa tumbo. Nikabaki mjane mwenye landrova. Unajua maana yake hiyo, katika kijiji ambacho hata karani alikuwa na baiskeli? Wanawake wenzangu walinisalimia kwa sauti nyingine. Mimi niliyetolewa shule darasa la pili kwenda kukata majani ya ng'ombe, nilikuwa na gari. Baba yako Klemensi akajifunza kuliendesha, na kwa kweli aliliendesha vizuri, polepole, kama mtu aliyebeba mayai.

Lakini barabara yetu unaijua. Ikinyesha vuli inakuwa makorongo mawili na mgongo katikati, na landrova yenyewe ilikuwa imechoka, springi zimelala, tumbo linakwaruza kila mahali. Na pale kwenye kona, chini ya migomba na kahawa ya kihamba cha marehemu Matei, mfereji wa maji unakatiza njia, mfongo wetu ule ule unaouruka ukienda kanisani. Hapo ndipo magari yote yalikuwa yanakwama.

Sasa fikiria Krismasi. Unajua watu wetu. Mwaka mzima mtu yuko Dar es Salaam, yuko Mwanza, huku umesahau hata sura yake, ikifika Desemba anapanda mlima. Wanakuja na magari yao madogo yanayong'aa, wanakwama kwenye mfongo, wanavua viatu, wanasukuma. Nikapata wazo. Gari langu nitaliinua. Nitaliinua juu kabisa, nipite pale kwenye kona mbele ya wote wakiwa wamekwama, nishuke mlangoni mwa kanisa na kitenge kipya na kiatu kisicho na doa.

Hilo ndilo lilikuwa wazo langu lote, mwanangu. Baadaye niliwaambia watu kwamba niliinua gari ili libebe wagonjwa na kahawa. Nilisema hivyo mara nyingi mpaka mimi mwenyewe nikaamini. Lakini ilikuwa kiatu.

Tukalipeleka Moshi, Majengo, kwa Fundi Ramadhani. Wakati ule alikuwa kijana, Mrangi wa Kondoa, mcheshi, meno meupe. Akaweka springi za lori mbele na nyuma, na vyuma virefu vya kuzishikilia. Nikaja kulitazama. Limesimama juu kama ng'ombe anayeamka, nikafurahi nikapiga kigelegele hapo hapo gereji.

Ramadhani akasema, "Mama, usifurahi bado. Gari umelivisha viatu virefu, mikono haifiki chini."

"Mikono gani?"

Akainama akanionyesha. Kuna chuma kirefu kinachotoka kwenye usukani kwenda kwenye gurudumu, ndicho kinachosukuma gurudumu ligeuke. Zamani kilikuwa kimelala sawa. Sasa kwa kuwa mwili umepanda na magurudumu yamebaki chini, kile chuma kimening'inia mshazari. Mimi nikasema si bado kimeshika pande zote mbili? Akacheka, akaniuliza, "Mama, mbuzi unampelekaje sokoni?"

"Kwa kamba, tunampeleka kwa nini kingine?"

"Ukisimama naye sawa ukivuta kamba, anageuka. Sasa panda juu ya ukuta, yeye abaki chini, uvute. Utamgeuza, au utamnyanyua kichwa?"

Alikuwa amesema kweli, na mbuzi nawajua.

"Ndivyo lilivyo gari lako. Gurudumu likiingia shimoni, springi inapanda, kile chuma kinasukuma gurudumu upande kinaotaka chenyewe. Dereva anashika tu mapambo. Niachie gari nitengeneze mkono mrefu wa usukani ushuke chini, chuma kilale sawa tena, na nitafute kingine kinene cha lori. Na hapa chini ya springi niweke kabari, maana gurudumu limepinda mbele, halitarudi lenyewe likishapigwa kona."

"Siku ngapi?"

"Nikipata vyuma, siku kumi na mbili. Unajua mwenyewe spea hakuna, mpaka nipate lori lililokufa."

Nikahesabu kwa vidole. Siku kumi na mbili zilikuwa zinapita Krismasi.

Nikamwambia, na haya ndiyo maneno yangu, sijasahau hata moja: "Krismasi haimsubiri Mrangi. Usukani unageuka, nimeuona kwa macho yangu. Wewe kazi yako ni nyundo, hotuba waachie wanasiasa."

Watu wa gereji walicheka. Ramadhani hakucheka. Akafuta mikono kwa kitambaa, akamgeukia baba yako, akamwambia, "Kaka, wewe ndiye unayeendesha." Na baba yako akaniangalia mimi. Alikuwa mwanamume mwenye mke na mtoto, akaniangalia mimi kama mtoto anayeomba ruhusa ya kwenda haja. Nikamwambia, "Panda twende."

Hapo nimelala napo mausiku mengi kuliko pale kwenye ajali. Nilimlea yule mtoto ajue kwamba mama akisema panda, unapanda.

Nimeacha kidogo nikaenda kumpa ng'ombe majani. Umenipita mlangoni ukaniuliza naandika nini, nikakujibu ni orodha ya watu wa jumuiya. Naona uongo umenizoea.

Siku ya Krismasi tulipita. Nikuambie ukweli, tulipita vizuri sana. Magari matatu yamekwama kwenye mfongo, watu na suti zao wanasukuma, sisi tukapita pembeni juu juu, nikawapungia mkono. Mzee mmoja aliyetoka Dar akapaza sauti, "Mama Klemensi, hiyo landrova au ghorofa?" Watu wakacheka, nikacheka. Nikashuka kanisani, kiatu hakina doa. Misa ile sikumbuki hata somo.

Lakini tulipokuwa tunarudi baba yako aliniambia. Aliniambia, Apolonia. Alisema, "Mama, gari hili kwenye shimo linaninyang'anya usukani. Linakwenda linakotaka." Nikamjibu, "Ni mikono yako laini. Babu yake mtoto asingelalamika." Mama yako alikuwa kiti cha nyuma, akasema taratibu, "Mama, labda turudishe kwa fundi." Nikamwambia yeye ajishughulishe na sufuria zake.

Huyo ndiye mama yako Gaudensia, na hilo ndilo neno la mwisho la maana nililomwambia.

Kesho yake tukawa tunakwenda kwao mama yako, Old Moshi, kuwasalimia wakwe. Wewe ulikuwa na surua, tukakuacha na shangazi yako. Nyuma tulipakia mikungu miwili ya ndizi na pipa la mbege, maana mtu haendi kwa wakwe mikono mitupu sikukuu. Pombe ile ya ndizi nilipika mimi. Na baba yako hakuionja. Nilimkataza mimi mwenyewe, nikamwambia, "Utaendesha, na kwa wakwe hatufiki ukinuka." Aliitikia. Asubuhi ile alikunywa chai ya rangi na kiazi. Nilikuwa nimekaa mbele ubavuni pake, mkono wangu na wake umbali wa kiganja. Naijua pumzi ya mwanangu ilivyokuwa.

Tukashuka. Pale kwenye kona ya mfongo gurudumu la mbele likazama. Nikasikia springi inapanda, ngumu, kishindo, na gari likakata kulia. Yeye alikuwa anavuta kushoto, nilimwona, mishipa ya shingo imesimama, anavuta kushoto kwa mikono yote miwili na gari linakwenda kulia. Akapiga kelele, "Hauji! Mama, hauji!"

Hauji. Usukani hauji.

Tukatoka njiani tukapinduka kwenye kahawa ya Matei. Mimi nikavunjika mkono huu ambao unanisumbua ikinyesha. Baba yako alichanika paji la uso. Mama yako alirushwa nje, na gari likamlalia.

Siandiki zaidi hapo. Alikufa kabla watu hawajafika, na hakuteseka muda mrefu, hilo ni kweli, sikufariji tu.

Lakini lile pipa, mwanangu, lilikuwa limepasuka likamwagikia baba yako mwili mzima. Watu walipofika mbio na mapanga yao ya kukatia migomba walimkuta amekaa chini, damu usoni, amemshika mkewe, amelowana mbege kuanzia kichwani. Siku ya pili ya Krismasi. Kijana, gari, mbege. Nani angehitaji kuuliza?

Mmoja tu aliuliza. Balozi wetu wa nyumba kumi, mzee mtaratibu. Alinivuta pembeni jioni ile, mkono wangu umefungwa kwa vijiti, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama Klemensi, kijana alikuwa amekunywa?"

Sikusema ndiyo. Wala sikusema hapana. Nilifunga kanga yangu upya kiunoni kwa mkono mmoja, nikatazama chini. Balozi akatingisha kichwa, akaniwekea mkono begani kunihurumia, akaenda zake. Kufika usiku kijiji kizima kilikuwa kinajua kwamba hata mama yake ameshindwa kumtetea.

Ningesema nini? Ningesema hapana, swali la pili lingekuwa, basi ilikuwa nini? Na jibu la swali la pili lilikuwa mimi. Na kile kiatu.

Kabla ya mazishi baba yako alinijia jikoni, paji la uso limeshonwa. "Mama," akasema, "waambie." Nikamwambia, "Tuzike kwanza." Tukazika. Akasubiri mpaka matanga yakaisha, kila jioni anakaa pale kwenye gogo anaangalia mlango wangu. Watu wa kwao mama yako walikuja, wakamtemea maneno, na mimi nilikuwepo. Akasubiri hata siku hiyo. Halafu akaondoka kwa miguu na mfuko mmoja. Wewe ulikuwa na miaka minane. Ulisimama mlangoni, hukumkimbilia, kwa sababu ulikuwa umekwisha kusikia wanachosema watoto wenzako.

Tena usidhani sikujua unavyomchukia. Nilijua, na chuki yako ilinifaa. Ulipokuwa na miaka kumi na moja alikutumia gauni la bluu la Pasaka kwa mkono wa dereva wa lori, ukalichukua ukalitupa kwenye mfongo. Niliona. Nilikuwa nakata majani upande wa pili. Niliona gauni linakwenda na maji, mikono imefumuka, nikainama nikaendelea kukata.

Sasa ile sababu ya darasa. Mwaka wa kwanza aliniandikia barua tatu. Sikujua kusoma, na aliyekuwa akitusomea barua kijijini alikuwa katekista, na mimi nikaogopa kitakachosomwa kwa sauti. Nikazificha chini ya sanduku. Nikajiandikisha darasa la watu wazima, watu wakanisifu, mama huyu ana hamu ya elimu. Hamu! Nilipoweza kusoma nilifunga mlango nikazifungua. Ya kwanza ilikuwa na mambo mengi, joto, kazi, na mwisho akauliza: Mama, umewaambia? Ya pili fupi: Mama, umewaambia? Ya tatu salamu tu, na kwamba amepata kazi ya kupima mkonge, Mombo. Swali hakuuliza tena.

Sikujibu hata moja. Mtu aliyejifunza kuandika kwa sababu ya barua, halafu hakuandika.

Miaka ikaenda. Gari likakaa nyuma ya zizi, kuku wakatagia kwenye kiti cha dereva. Ulipoleta karatasi ya kazi ukasema huko kijiji na kijiji ni mbali na usafiri hakuna, shangazi yako akasema kwa mzaha, "Apewe landrova ya kuku." Mkacheka. Mimi sikulala. Asubuhi nikapanda gari la mizigo mpaka Moshi, nikaenda Majengo.

Ramadhani si kijana tena, meno mengine hayapo. Alinitambua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimekuja kukuletea zile siku kumi na mbili."

Aliweka nyundo chini. Akasema, "Mama, nilisikia walivyosema amelewa. Nikasema, mama yake alikuwepo, atasema. Nikangoja nisikie."

"Na mimi nilingoja," nikamwambia. "Nilingoja watu wasahau."

"Wamesahau?"

"Wamesahau kila kitu isipokuwa kwamba alilewa."

Akachukua kofia yake tukaondoka. Ndiyo maana sikumwacha apumzike, na ndiyo maana wala yeye hakulalamika. Kila chuma alichoweka nilikuwa nakitazama. Mkono wa usukani ameurefusha, umeshuka, na kile chuma kirefu kimelala sawa kabisa, nimepima kwa maji kwenye sahani, usinicheke. Chenyewe ni kinene, kilitoka kwenye lori lililokufa. Kabari ziko chini ya springi, usukani ukikata kona unarudi wenyewe. Na ameweka shokapu moja imelala kwa upana, inazuia usukani usiruke mkononi gurudumu likipigwa. Nilimwuliza, "Hii nayo ni ya lazima?" Akasema, "Si lazima." Nikasema, "Weka."

Lakini gari sikulishusha. Angeweza kulirudisha chini kama lilivyokuwa zamani, aliniuliza. Nilikataa. Huko uendako kuna makorongo kuliko hapa, na kuinuliwa hakukuwa kosa lake.

Halafu jana ukaniambia, "Bibi, panda tukalijaribu," ukashika njia ya kanisani kabla sijasema kitu. Ulikuwa unaimba. Tukafika kwenye kona. Gurudumu la mbele likazama kwenye mfongo, kishindo kile kile, springi ile ile. Na usukani ukabaki mikononi mwako. Gari likapanda, likakaa sawa, likaenda ulikotaka wewe. Hukuacha hata kuimba. Ndipo ukaniangalia ukasema, "Bibi, mbona umeng'ang'ania mlango? Unalia?" Nikasema ni vumbi.

Kulikuwa kunanyesha, Apolonia. Vumbi lingetoka wapi.

Nililia kwa sababu lilikuwa jambo dogo hivyo. Chuma kimoja kilale sawa. Siku kumi na mbili. Mama yako angekuwa hapa leo anagombana na hilo sanduku, na shangazi yako angepumzika.

Sasa nimekwisha kusema. Mikono imechoka na karatasi zimebaki mbili.

Sikuambii unisamehe. Ukitaka kunichukia una haki, na nadhani utaanza pale pale Same, na chai yako itapoa. Ukitaka kuuliza kwa nini sikukuambia usoni, jibu ni lile lile la mwaka ule. Niliogopa swali la pili. Nina jina la mtu mkali hapa kijijini, kila mtu ananiogopa mdomo, na neno moja la herufi sita, hapana, lilinishinda. Hilo ndilo ninalokupa, kama kuna cha kukupa. Ukiulizwa kitu ukajiona unafunga kanga upya, jua umekwisha kujibu.

Chini ya kiti chako, ndani ya kipande cha kitenge, nimefunga jani la isale. Nimelikata leo kwenye mpaka wa kihamba, kwenye kaburi la babu yako. Unajua kwetu maana yake. Mtu akikuletea isale amekuja kuomba msamaha, na hutakiwi kumrudisha. Tena unajua kwamba mzazi hampelekei mtoto isale. Mtoto ndiye humpelekea mzazi. Wazee wakisikia watasema nimechanganyikiwa. Waseme. Nimewahi kuwaogopa watu mara moja, na iliniharibia nyumba.

Ukipita Mombo kidogo, upande wa kulia, kuna njia ya udongo mwekundu inaingia kwenye mkonge. Nimemwuliza yule dereva wa lori, baba yako bado yuko pale, bado anapima. Anaishi peke yake. Ana alama kwenye paji la uso, utamjua. Hanywi. Dereva anasema humo kambini wanamcheka, mwanamume gani huyu hata mbege hagusi.

Kama utapita bila kusimama, pita. Nenda Handeni salama, ng'ombe za watu zinakungoja, na mimi sitakulaumu, sina mdomo wa kukulaumu kwa hilo. Lakini ukitaka kugeuka, usukani utakuja. Hilo nimelihakikisha.

Mpe baba yako lile jani. Usimweleze mengi, ataelewa akiliona. Jumapili hii misa ikiisha nitasimama pale nje wanapouza ndizi, nitaanza na balozi, amezeeka sana sasa na hasikii vizuri, kwa hiyo nitalazimika kusema kwa sauti kubwa. Ni vema.

Na kama baba yako atakuuliza lile swali lake la zamani, kama nimewaambia, mwambie nimeanza na wewe.

Bibi yako, mwenye jina lako,
Apolonia